Barazani kwa Mwalimu: Shujaa wa jana, mhaini wa leo?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, mwenyeji wa Kongwa, mkoani Dodoma. Nimekua nikipita karibu na makaburi ya wapigania uhuru waliofia kambini hapa kwetu. Tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba Kinjeketile, Mau Mau, FRELIMO na akina Mandela ni mashujaa. Mwezi uliopita tulikuwa msibani, redio ikataja waasi wa nchi jirani. Nikauliza: mbona hawa tunawaita waasi na wale tunawaita wapigania uhuru, na wote walishika bunduki dhidi ya serikali? Baba mdogo akakasirika. Akasema serikali imewekwa na Mungu, anayeinyanyulia silaha ni mhaini, basi. Mjomba akacheka akasema jina hutolewa na mshindi: ukishinda shujaa, ukishindwa mhaini. Nikanyamaza kwa adabu, ila sikuridhika. Je, upo wakati ambapo watu wana haki ya kuchukua silaha dhidi ya serikali? — Msomaji wa Kongwa*

Marahaba, mwanangu. Upo. Ni nadra kuliko wanavyodhani wengi wanaoupenda mtutu, lakini upo, na ninyi wa Kongwa mnaishi jirani na ushahidi wake.

Nianze na mjomba, kwa sababu neno lake ndilo lililoniuma zaidi. Hao waliolala makaburini kwenu hawakuuona ushindi. Kwa hesabu ya mjomba, kijana wa Afrika Kusini aliyefia huku kwetu alikuwa mhaini miaka yote hiyo, kisha tarehe 27 Aprili 1994, watu walipopiga kura kule kwao, akageuka shujaa akiwa amelala kaburini. Mimi siwezi kuipokea hesabu hiyo. Kama kulikuwa na haki, ilikuwepo siku alipovuka mpaka. Kama haikuwepo, hata ushindi usingeileta.

Sasa nikuambie ninayoyajua kwa macho yangu. Nilihamishiwa Morogoro mwaka 1981, mwalimu kijana wa historia na uraia. Nje kidogo ya mji, Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge, ndugu zetu wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walikuwa wamejenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye Makaburu walimnyonga tarehe 6 Aprili 1979. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliokimbia baada ya risasi za Soweto, Juni 1976. Nilikuwa na rafiki pale, binti wa makamo yangu aliyekuwa akisaidia kulea watoto wadogo, na Jumamosi nilimtembelea. Kiswahili alikipatia sokoni kwa wauza nyanya. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba swali lako lina sehemu mbili, na watu wengi huishia ya kwanza.

Ya kwanza ni hii: milango ilikuwa imefungwa kweli? ANC iliundwa mwaka 1912. Kwa karibu miaka hamsini iliandika barua, ikatuma wajumbe, ikaandamana, ikagoma. Albert Luthuli, kiongozi wa ANC, alipovuliwa uchifu na serikali mwaka 1952, alisema kwamba miaka thelathini ya maisha yake ameitumia kubisha hodi, kwa subira na kwa unyenyekevu, kwenye mlango uliokomewa. Mwafrika hakuwa na kura ya kuiondoa serikali hiyo, na bila pasi, yaani kibali cha kutembea, mfukoni alikamatwa mtaani katika nchi yake mwenyewe. Tarehe 21 Machi 1960, Sharpeville, watu walikwenda kituo cha polisi kuzipinga pasi hizo. Polisi wakapiga risasi, wakafa 69, wengi wakiwa wamepigwa mgongoni. Siku chache baadaye ANC ikapigwa marufuku. Mwaka uliofuata Mandela na wenzake wakaitisha mgomo wa kukaa nyumbani, wakiomba mkutano wa taifa zima ili watu wazungumze. Serikali ikajibu kwa askari. Ndipo Umkhonto we Sizwe, jeshi la ukombozi la ANC, ikaanza, tarehe 16 Desemba 1961. Angalia vizuri mpangilio huo. Bunduki ilikuja mwisho wa orodha ndefu, na kila kilichoitangulia kilikuwa kimejaribiwa na watu wakakilipia.

Linganisha na jambo lililotokea kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi. Madai yao hayakuwa ya uongo: mshahara ulikuwa mdogo, na maofisa walikuwa bado Waingereza ingawa tulishapata uhuru. Mwalimu Nyerere ilibidi afichwe siku mbili tatu, maduka ya Dar es Salaam yakaporwa, watu wakafa, na mwisho, kwa aibu kubwa, tukawaita wanajeshi wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha vijana wetu. Serikali iliyokuwa ikiwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji na kwingineko ndiyo hiyo iliyolivunja jeshi lake lililoasi. Wapo wanaosema huo ni unafiki. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba ni kipimo kilekile kilichotoa majibu mawili. Askari wa Colito alikuwa na serikali aliyoichagua juzi tu, yenye bunge na masikio. Kuwa na dai la haki hakukumpa haki ya kulidai kwa bunduki.

Hapo baba mdogo ana sehemu yake ya ukweli, na usimdharau. Serikali ikianguka kwa risasi, zahanati inafungwa, shule inafungwa, na anayekufa kwanza ni mjamzito asiyefika kwa mkunga. Ndiyo maana anayetaka kuchukua silaha ndiye anayedaiwa ushahidi, si anayekataa. Lakini kusema serikali haiguswi kamwe, hata ikifanya nini, hapo amezidisha. Mwaka 1948 mataifa yalipoandika Tangazo la Haki za Binadamu, yalisema katika utangulizi kwamba haki hizo lazima zilindwe na sheria, ili mtu asilazimike, pale njia nyingine zote zinapokwisha, kuasi dhidi ya udhalimu. Hayakuwa yakisifu uasi. Yalikuwa yakiwaonya watawala. Nasi Waafrika, katika Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981, ibara ya 20, tuliandika kwamba watu waliotawaliwa au kukandamizwa wana haki ya kujikomboa kwa njia zinazotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Afrika hiyohiyo, ilipounda Umoja wa Afrika mwaka 2000, iliandika kwamba serikali iliyoingia madarakani kinyume cha katiba haitashiriki katika shughuli za Umoja. Ukiyasoma pamoja hayapingani: moja linamwangalia aliyefungiwa nje ya nyumba, jingine linamwangalia anayevunja mlango ilhali ufunguo upo.

Nije sehemu ya pili, ambayo ndiyo ninayotaka uichukue. Hata mwenye haki ya kuishika bunduki hana haki ya kuitumia atakavyo.

Mandela alipojieleza mahakamani tarehe 20 Aprili 1964 alisema waliziangalia njia nne: hujuma, vita vya msituni, ugaidi, na mapinduzi ya wazi. Wakachagua hujuma, yaani kulipua nguzo za umeme na ofisi za serikali, kwa sababu haikuhusisha kuua na iliacha nafasi kwa watu weusi na weupe kuishi pamoja baadaye. Mtu anayepanga vita huku akifikiria atakavyokaa meza moja na adui wake, huyo namwelewa.

Lakini sikiliza na haya. Mwezi Mei 1983 nilikuwa Mazimbu Jumamosi moja. Jana yake bomu lilikuwa limelipuka Church Street, Pretoria, mbele ya makao ya jeshi la anga, saa watu wanatoka kazini. Walikufa 19, wawili kati yao ni wale waliolipeleka, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengine ni wapita njia tu. Redio iliposema, vijana kadhaa wakaanza kuimba na kurukaruka uwanjani. Sikuwashangaa, walikuwa wamezika ndugu zao. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kiongozi wa rafiki yangu kwenye malezi ya watoto aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Jioni alipotoka rafiki yangu alimuuliza kama anaumwa. Akasema: "Mtu aliyekuwa anakwenda kupanda basi, yeye alitufanyia nini?" Mwanawe mwenyewe alikuwa Umkhonto. Sikupata kumsahau.

ANC ilikuwa tayari imeweka ahadi, mwaka 1980, mbele ya Msalaba Mwekundu, kwamba itafuata Mikataba ya Geneva. Ni jambo kubwa kwa kundi lisilo na dola, na ndiyo maana makosa yake yanahesabiwa kwa ahadi yake yenyewe. Kule Angola, katika kambi iliyoitwa Quatro, ilitesa hata wanachama wake. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoandika hayo mwaka 1998, pamoja na dhambi kubwa zaidi za Makaburu, chama kilikimbilia mahakamani kuizuia ripoti. Kikashindwa. Mandela aliipokea. Nampenda mzee yule kwa mambo mengi, lakini kwa siku ile nampenda zaidi.

Wasomaji wangu wa Unguja na Pemba watauliza mbona nimezunguka hadi Pretoria nikaruka bahari iliyo karibu. Siruki. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Mtu aliyeona mlango umefungwa hakuwa akiota. Lakini baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa majumbani na mashambani, na wengi wao hawakuwahi kumtawala mtu yeyote. Swali la nani alikuwa na haki ya kuiondoa serikali ile ni moja. Swali la yule mwenye duka aliyechinjwa na wanawe ni jingine, na jibu la lile la kwanza, liwe vyovyote, halilifuti hili la pili.

Umemtaja Kinjeketile. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmatumbi, na kwao ndiko vijana walikong'oa pamba ya Mjerumani, Julai 1905. Pamba ile ilikuwa ya viboko. Mwenye nguvu za kulima alilima shamba la serikali na lake likaota majani, na hakukuwa na baraza wala mahakama ya kumsikiliza. Sababu yao ilikuwa safi kuliko karibu zote ninazozijua. Lakini waliambiwa risasi zitageuka maji. Mjerumani akajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza waliosalimika na bunduki. Wapo wanahistoria wanaokadiria watu 250,000 hadi 300,000. Bibi hakusimulia vita. Alisimulia mizizi waliyochimba mamaye na dada zake, ipi ilikuwa na sumu, ipi ilichemshwa mara tatu. Simlaumu aliyeamini maji. Nasema tu kwamba anayewaita watu vitani anadaiwa kuwaambia ukweli wa gharama, na gharama hiyo huwa inalipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Na anapokosea, lazima aulizwe. Hapa Morogoro, Aprili 1969, ANC ilifanya mkutano ambao watu wa mji huu wengi hawaujui hata leo. Ulitokana na vijana wake waliorudi kutoka vita vya Wankie, Rhodesia (leo Zimbabwe), vya mwaka 1967, vilivyokwenda vibaya. Chris Hani na wenzake sita waliandika waraka wa kuwashutumu viongozi: mnaishi vizuri mjini, sisi tunakufa msituni, hamna mpango. Wakasimamishwa kwanza. Lakini mkutano ukaitishwa, viongozi wakakaa wakasikiliza, mambo yakabadilishwa, vijana wakarudishwa. Ukiona kundi lenye silaha ambalo mwenye swali hupotea usiku, jua kwamba likiingia Ikulu litaongoza hivyohivyo.

Na mwisho wake ulikuwaje? Jeshi la Makaburu halikushindwa na Umkhonto uwanjani. Kilichowachosha zaidi ni watu wa mitaani miaka ya 1980: wapangaji waliogoma kulipa kodi, wafanyakazi waliozima migodi, akina mama waliosusia maduka, pamoja na vikwazo vya kutoka nje. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza mapambano 323 ya kati ya mwaka 1900 na 2006, wakakuta yale yasiyotumia silaha yalifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 50, na yale ya silaha kwa kama asilimia 26. Mlango ulipofunguka hatimaye, Mandela akitoka gerezani Februari 1990, ANC ilisimamisha mapambano ya silaha tarehe 6 Agosti mwaka uleule. Watu wao walikuwa bado wanauawa. Wapo vijana waliolia kwa hasira. Lakini sababu iliyowafanya waishike bunduki ilikuwa imeanza kuondoka, wakaiweka chini.

Kwa hiyo redio ikikutajia waasi tena, usiulize kwanza wanapigana na nani. Uliza wamejaribu nini kabla ya hapo na kwa muda gani. Kisha mtafute mtu asiye na bunduki anayeishi chini ya bunduki yao, umuulize analala vipi.

Mtu huyo ameniandikia. Barua yake imefika wiki moja na yako.

*Mama Mwalimu, mimi ni mkimbizi kutoka Fizi, Kivu ya Kusini, niko kambi ya Nyarugusu. Kule kwetu kulikuwa na kundi lililosema linatulinda. Tuliwapa unga na kuku, na kwenye kizuizi tulilipa kila siku ya soko. Mume wangu alisema wana haki, kwa sababu serikali ilitutupa. Halafu wakamchukua mwana wetu shambani, akiwa na miaka 15. Sasa ni miaka miwili. Mume wangu hataki nilitaje jina lake mbele za watu, anasema tutaonekana wazazi wa mwasi. Mimi ninajiuliza: nilikosa kuwapa unga? Na mtoto wangu akirudi, ni mwasi? — Mama wa watano*

Mama, pole. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Unga unaotolewa mbele ya bunduki si mchango. Hukukosa. Mume wako naye hakusema uongo aliposema mlitupwa. Mtu aliyetupwa humsikiliza yeyote anayesema "mimi nipo". Lakini ulinzi unaomtoza mama ushuru aende sokoni, kisha ukaondoka na mwanawe, haumlindi mama huyo. Serikali kuwatupa hakukuwapa wao haki ya kuchukua kilichobaki mikononi mwenu.

Mwanao si mwasi. Ameibwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unamhesabu mtoto hadi miaka 18 na unakataza asiingizwe vitani, awe na serikali au dhidi yake. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, tarehe 14 Machi 2012, ilikuwa ya mtu wa Kongo yenu, Thomas Lubanga, kwa kosa la kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri. Wazazi wa watoto wale hawakushtakiwa. Watoto hawakushtakiwa. Msomee mume wako maneno haya, polepole, mkiwa wawili. Nafikiri anayoiona ni aibu, kumbe ni kilio alichokosa pa kukilia.

Kisha nendeni pamoja kwa watu wa Msalaba Mwekundu hapo kambini, wanaofanya kazi ya kuwatafuta jamaa waliopotezana. Wapeni jina lake kamili, la baba na la babu, jina la utani aliloitwa nyumbani, kijiji na mto ulio karibu, siku aliyochukuliwa au msimu, mlikuwa mnalima nini. Kama ana kovu au jino lililovunjika, litajeni. Mwombeni mfanyakazi awaandikie namba ya faili kwenye karatasi, uikunje uiweke pamoja na kadi yako ya mgao, na urudi kuuliza kila mwezi hata kama hawajakuita. Na jina lake liite nyumbani, mbele ya wadogo zake, kama ulivyokuwa ukiliita alipochelewa kurudi shambani.